Mbona mbali kulitikisika kuliko karibu?
Umeuliza inakuwaje sehemu iliyo mbali na kitovu cha tetemeko la ardhi, yaani pale juu ya lilipoanzia, itikisike zaidi kuliko ya karibu. Kawaida umbali unapunguza kweli, mawimbi yanatawanyika kila upande kwa hiyo nguvu inagawanyika, af miamba nayo inameza nyingine njiani, hasa ile mitetemo ya harakaharaka, ile ya polepole ndo inafika mbali. Ila udongo wa hapo ulipo unaweza kupindua hesabu yote. Cheki Mexico City mwaka 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini sehemu ya jiji imejengwa juu ya matope ya ziwa la zamani, yale matope yakawa yanacheza kama maji kwenye beseni, kwenda na kurudi kila sekunde 2 hivi, na majengo ya ghorofa kama 6 mpaka 15 nayo yanayumba kwa mwendo unaokaribiana na huohuo, basi kila mtikisiko ukawa unayaongezea, yakaanguka mengi na watu maelfu wakafa, inauma sana aisee. Waliokuwa juu ya mwamba mgumu jiji hilohilo walitikiswa kidogo tu ukilinganisha.