Picha za mtaani kwako zina wanunuzi mtandaoni, ila anza na saini

Swali la kwanza ninaloulizwa na vijana wanaotaka kuuza picha mtandaoni ni hili: picha moja inalipa shilingi ngapi? Jibu lake huwakata watu stimu, ndiyo maana nalitanguliza. Kwenye Shutterstock, moja ya tovuti kubwa za kuuzia picha, malipo ya chini kabisa ni senti 10 za dola kwa picha moja inayopakuliwa. Adobe Stock, tovuti nyingine ya namna hiyo, hutoa asilimia 33 ya mauzo, na kwa wateja wanaonunua kwa kifurushi cha mwezi, kinachoingia kwangu mara nyingi ni senti thelathini na kitu. Hiyo ni shilingi za Tanzania mia nane au mia tisa hivi, kutegemea dola imeamkaje. Na Adobe huwezi kuomba pesa kabla hujafikisha dola 25. Kwa senti 33 kila moja, hayo ni mauzo 76.

Kwa hiyo kama umesikia mtu anasema aliacha kazi baada ya miezi mitatu kwa sababu ya picha za mtandaoni, mwulize anauza kozi ya shilingi ngapi.

Mimi ni mpiga picha wa Mwanza. Kinachonilisha ni harusi, kipaimara na mahafali. Picha za mtandaoni ni mfereji wa pembeni: zinalipa bando, zinalipa umeme, na mara mojamoja zinanunua kitu cha kamera. Naendelea nazo kwa sababu ya tofauti moja kubwa na harusi. Harusi ukishaikabidhi imekwisha. Huku unachouza si picha, ni ruhusa ya kuitumia. Hakimiliki inabaki kwako, na picha ileile inaweza kununuliwa na benki leo, na mchapishaji wa vitabu vya shule mwakani, na gazeti la nchi usiyowahi kufika.

Ukishaelewa kwamba unauza ruhusa, mengine yote yanabadilika, kuanzia nini upige.

Watu wengi huanzia mbugani. Andika simba na Serengeti kwenye sehemu ya kutafutia ya tovuti yoyote ya picha uone mafuriko yatakayokushukia, mengi yakiwa yamepigwa na wageni wenye lenzi za bei ya gari. Machweo ya Nungwi ni hivyo hivyo. Wamasai wakiruka ni hivyo hivyo. Huko umeingia soko lenye wauzaji wengi kuliko wanunuzi, halafu umekwenda na kibanda kidogo. Tena upigaji wa kibiashara ndani ya hifadhi za taifa una vibali vyake na ada zake TANAPA; tiketi ya utalii haikupi haki hiyo.

Sasa tafuta mama wa Kiafrika anayelipwa kwa simu kwenye genge lake la nyanya. Tafuta mhudumu wa afya akimpima mzee presha nyumbani, fundi cherehani akiandika hesabu kwenye daftari, wanafunzi wa chuo watatu wamejibana kwenye kompyuta moja, baba akimsaidia mtoto kazi ya shule mezani. Utakuta nyingi zimepigwa studio Ulaya au Afrika Kusini, na mtu wa kwetu akiziangalia anajua papo hapo kwamba soketi ya ukutani si ya hapa, kikombe si cha hapa, hata mkao si wa hapa. Hapo ndipo penye nafasi yako. Wanaonunua picha hizi ni kampuni za bima, benki, mashirika ya maendeleo yanayoandika ripoti, wachapishaji wa vitabu, watengenezaji wa programu za simu. Msanifu wao anahitaji picha kabla ya saa kumi jioni na hana muda wa kumtafuta mpiga picha Igoma, hapa Mwanza.

Neno moja hapa, na wengine hawatanipenda kwa hili: umaskini wetu umeshapigwa picha vya kutosha. Mtoto mwenye makamasi akiangalia lenzi haongezi kitu, na wanunuzi wanaolipa vizuri wameanza kuuepuka mtindo huo. Kilichopungua ni maisha ya kawaida. Mtu aliyevaa vizuri akisubiri daladala. Wastaafu wakicheza bao. Dada anayefungua duka asubuhi, akiwa na sura ya mtu anayejua anachokifanya.

Piga kila tukio kwa kulala na kwa kusimama, na acha nafasi tupu upande mmoja, maana pale ndipo maandishi ya tangazo yatakaa. Simu ya kisasa inatosha kabisa kama mwanga upo. Adobe na Shutterstock wanataka angalau megapikseli 4, na simu nyingi za sasa zinavuka hapo. Usiku ndipo simu inapoumbuka: ukiikuza picha kompyutani unakuta chenga tupu, na wakaguzi huikataa.

Tufike kwenye saini, maana hapa ndipo kazi ya wengi inapokufa.

Picha yenye mtu anayetambulika, ikitakiwa kwa tangazo, lazima iwe na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mtu huyo. Kila uso, fomu yake. Kwa mtoto, anasaini mzazi au mlezi. Tovuti zote kubwa zina fomu zao za kupakua, na fomu nyingi zina nafasi ya shahidi, kwa hiyo usiende peke yako. Picha bila fomu haijafa, inaingia upande wa matumizi ya kihabari: magazeti, vitabu, taarifa. Lakini upande huo wanunuzi ni wachache, na matangazo, ambako ndiko kuna pesa, hayagusi picha za namna hiyo. Ukipiga soko la Mwaloni pale Kirumba, dagaa magunia kwa magunia, wapakiaji, wachuuzi na watu mia kwenye fremu moja, hiyo ni ya kihabari na uiache iwe hivyo. Iandikie mahali, tarehe na kinachotokea, usifute kitu wala kuongeza kitu. Alamy, tovuti ya picha ya Uingereza ambayo tangu 2020 iko chini ya kampuni ya habari ya PA Media Group, inapokea picha nyingi za aina hii.

Ukitaka ya biashara, rudi Mwaloni kwa utaratibu mwingine. Chagua mtu mmoja. Zungumza naye kwanza, kamera ikiwa kwenye begi. Fomu ninayotumia ni ya Kiingereza, kwa hiyo mimi humsomea kwa Kiswahili kipengele baada ya kipengele, na sifichi linalouma: picha yako inaweza kutokea kwenye tangazo la kitu usichokitumia, nchi usiyoijua, na mimi sitakuwa na uwezo wa kuirudisha. Leseni za tovuti hizi kwa kawaida zinamzuia mnunuzi kumtumia mtu kwenye matangazo ya tumbaku, ponografia au kampeni za siasa, au kumwonyesha kana kwamba anaugua, na hilo pia namweleza. Wapo wanaokataa. Mama mmoja muuza sato aliniambia, "Mwanangu, sura yangu ndiyo jina langu hapa sokoni." Nikamshukuru, nikanunua samaki, nikaenda zangu.

Anayekubali mlipe siku hiyohiyo. Usimwahidi asilimia ya mauzo, maana huwezi kumwonyesha hesabu ya senti 33 zinazoingia Machi na nyingine Agosti, na mwisho wake ni kugombana. Patana kiasi, mpe mkononi, aandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Halafu mtumie picha zake nzuri. Hilo la mwisho limeniletea watu wengi kuliko pesa; jirani akiona picha anauliza, "Na mimi lini?"

Usidhani ni utaratibu wa wazungu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Wenzetu Kenya wameshaonja: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Watoto wa watu nawaacha, isipokuwa mzazi amesimama pale pale na kalamu mkononi.

Baada ya saini kuna nembo. Sisi tunavaa mitumba, na mitumba imejaa nembo: alama ya viatu kifuani, timu ya mpira ya Ulaya mgongoni. Picha ya biashara haitakiwi iwe nayo. Mwambie mtu wako mapema avae nguo isiyo na maandishi, au mama ajitande khanga. Kibanda cha wakala wa pesa kimepakwa rangi na jina la kampuni ya simu juu hadi chini, kwa hiyo usipige kibanda, piga mikono, simu na noti, ukuta ukiwa ukungu nyuma. Angalia pia ndoo, kalenda ya benki ukutani, kreti ya soda. Unaweza kufuta nembo moja kwenye programu ya kuhariri. Zikiwa kumi utajuta.

Ndege zisizo na rubani sizigusi bila kibali, maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga inazisimamia, na kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi si ya kupiga hata kwa simu.

Maneno ya utafutaji ni kazi ya kuchosha, nami naifanya usiku nikiwa na chai. Picha isiyo na maneno sahihi haionekani, hata iwe nzuri namna gani. Shutterstock inaruhusu hadi maneno 50, Adobe 49, na Adobe wenyewe wanasema maneno kumi ya kwanza yana uzito zaidi, kwa hiyo yapange. Wanunuzi wengi wanatafuta kwa Kiingereza, basi weka Kiingereza chepesi cha vitu vinavyoonekana: nani, anafanya nini, wapi, umri gani, hisia gani. Taja nchi na mji. Majina yetu kama khanga, ugali na bodaboda yaweke pia, maana mhariri wa Nairobi au Dar anayajua na anayaandika hivyohivyo. Ila usijaze maneno yasiyohusu ukidhani unawavuta watu.

Pakia mapema. Picha za Ramadhani hutafutwa kabla ya mwezi kuandama, za kufungua shule hutafutwa kabla ya Januari. Mimi huziweka miezi miwili hadi mitatu mbele. Na Januari usishangae Shutterstock ikipoa: tangu Juni 2020 wana ngazi sita za malipo, kutoka asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya mauzo yako, na kila tarehe 1 Januari wote wanarudi ngazi ya kwanza.

Watu wananiuliza kuhusu akili mnemba, kama kuna haja ya kuendelea. Nakiri imekula sehemu ya soko. Picha ya watu wanaopeana mikono ofisini, kikombe cha kahawa na kompyuta, hizo mashine inazitengeneza kwa sekunde. Adobe wanazipokea mradi zitajwe kuwa zimetengenezwa hivyo, Getty Images, wauzaji wengine wakubwa wa picha, walizipiga marufuku 2022. Lakini iambie mashine ikuchoree mama lishe wa Buhongwa, uone itakavyomvalisha na chakula gani itampakulia. Kwa sasa hapo bado tunashinda, na upande wa kihabari picha ya kutengenezwa haina kazi. Kilichoniumiza mimi zaidi ya akili mnemba ni tovuti za picha za bure kama Unsplash na Pexels. Kijana anapakia picha zake nzuri zote huko ili asifiwe, halafu anakuja kuniuliza mbona haziuzi kwingine.

Kuhusu kutoa pesa. PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokea, kwa hiyo usijiandikishe nayo halafu ukwame. Wakenya wana nafuu, kwani tangu 2018 wanaweza kuhamisha kutoka PayPal kwenda M-Pesa. Sisi wengi tunatumia Payoneer, inapokea dola kisha inazituma benki yako kwa shilingi. Wana makato yao, kwa hiyo mimi huacha zikusanyike nitoe mara chache. Jina la akaunti, jina la benki na jina la kitambulisho cha NIDA yawe yaleyale herufi kwa herufi.

Kabla ya malipo, tovuti za Marekani zitakuomba ujaze fomu ya kodi iitwayo W-8BEN. Usiiogope na usiiruke. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, Kenya vilevile, kwa hiyo asilimia 30 hukatwa, lakini ni kwenye mapato yanayotokana na wanunuzi wa Marekani tu, si kwenye mapato yako yote. Weka TIN yako ya TRA panapoulizwa namba ya kodi ya nchini kwako. Fomu hiyo huisha muda mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini. Weka kikumbusho kwenye simu, kwa sababu barua pepe ya kukukumbusha hupenda kuangukia kwenye kikapu cha taka.