Ukitaka kujifunza rangi ya mafuta, nakili Bikira Maria wa Antonello

Vijana wanaochora hapa Kampala huniuliza waanze na picha gani wakitoka kwenye akriliki kwenda rangi ya mafuta. Huwa nawaelekeza kwa Bikira Maria Akipashwa Habari, picha ya Antonello da Messina ya miaka ya 1470, ambayo leo iko Palermo, Sicilia. Ina uso mmoja, mikono miwili, kitabu na shela ya buluu, na nyuma ni giza tupu. Hata malaika hayumo. Tena ni ndogo, sentimita 45 kwa 34.5, kwa hiyo unaweza kuinakili kwa ukubwa wake halisi.

Nenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, wakuchapie nakala mbili, moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe. Hii ya pili ndiyo utakayoitazama zaidi. Upande wa ubao, plaiwudi nzuri iliyopakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, na kupigwa msasa inatosha kabisa. Antonello mwenyewe alichora juu ya ubao.

Sasa weka tyubu zote kando, ubaki na moja tu ya kahawia, ile iliyoandikwa Burnt Umber. Izimue kwa tapentaini, paka, kisha futa kwa kitambaa pale penye mwanga. Usiguse rangi nyingine mpaka picha hiyo ya kahawia isimame yenyewe. Wengi hukimbilia buluu ya shela kwa sababu inavutia, halafu wanashangaa kwa nini uso umekuwa bapa.

Mkono wa kulia ndio darasa lenyewe. Umenyooshwa kuelekea kwetu, kwa hiyo vidole vinaonekana vifupi kuliko tunavyovijua. Ukivichora unavyovijua, mkono utalala. Mimi hugeuza picha na ubao juu chini, nikaacha kufikiria vidole, nikafuata umbo la kila kivuli: hapa pana weusi, pale pamefifia, ukingo huu ni mkali, ule umeyeyuka. Ukigeuza tena ubao, mkono unakujia.

Halafu ndiyo buluu. Enzi zile buluu bora ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Tangu Ufaransa ilipopata njia ya kuitengeneza kiwandani mwaka 1828, buluu hiyo, ultramarine, ni rangi ya kila mtu. Kwenye vivuli vya shela usitie nyeusi. Changanya buluu hiyo na kahawia yako, upake nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Angalia pia ule mkunjo ulionyooka juu ya paji la uso, alama ya kitambaa kilichokuwa kimekunjwa. Usiuache.

Kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake. Mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi hii, hayakauki kama maji. Yanavuta oksijeni hewani na kuganda polepole. Chini kukiwa na mafuta mengi na juu machache, juu patakauka kwanza na kupasuka. Msimu wa mvua ngoja zaidi, gusa pembeni kwa kidole kabla ya kuendelea. Na tafadhali, matambara yenye mafuta hayo usiyarundike chumbani: hujipasha joto yenyewe hadi yakawaka moto. Yakunjue uyaanike nje.

Wapo wanaouliza Mganda anatafuta nini kwa Mtaliano wa karne ya 15. Ukimaliza, mketishe shangazi yako karibu na dirisha, leso begani, na uanze tena na kahawia ile ile. Ngozi nyeusi hupokea mwanga wa anga kwa ubuluu kidogo kwenye paji na mashavu, na hilo hutaliona vizuri kama hujapitia ile shela. Tyubu za rangi ya ngozi zinazouzwa tayari waachie wenyewe.

Nakala yako nayo, nyuma yake andika wazi kwamba ni nakala, jina lako na mwaka, hasa ukitaka kuiuza.