Niweke namba ngapi? Maswali ya amplifaya ndogo za valvu

Barua za safari hii, kuhusu amplifaya za gitaa zenye valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), karibu zote zinauliza namba. Lieleweke hili kabla ya yote: namba zilizochapwa kuzunguka nobu ni alama za kukukumbusha ulipoacha. Si wati, si desibeli.

S: Amplifaya yangu ni ya wati 5, ina volyumu, besi na trebo. Niweke ngapi nipate sauti nzuri?

J: Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: hakuna namba. Pikapu (vidaka sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa) za koili mbili kwa kawaida husukuma hatua ya kwanza ya amplifaya, yaani valvu inayopokea gitaa, kwa nguvu kuliko za koili moja, kwa hiyo 4 ya mwenzako inaweza kuwa 6 kwako. Fanya hivi. Fungua volyumu ya gitaa hadi mwisho, weka nobu za besi na trebo za amplifaya katikati, kisha pandisha volyumu ya amplifaya taratibu huku ukipiga kodi (chord) ya E kwa nguvu ileile. Utafika mahali ambapo sauti haikui tena. Inanenepa na kuanza kukwaruza. Huo ndio ukingo wa amplifaya yako, na kwa nyingi huja kabla ya kufika nusu. Ukizungusha zaidi unaongeza mkwaruzo na kuibana sauti tu. Weka alama ya penseli hapo.

Sasa rudisha volyumu ya gitaa hadi 6 au 7. Sauti inasafika bila kugusa amplifaya. Wengi wananunua pedali (vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti) wakitafuta kile ambacho nobu ya gitaa lao tayari inakifanya. Jifunzeni hiyo nobu kwanza.

S: Nikipandisha trebo, besi nayo inabadilika. Nobu imeharibika?

J: Haijaharibika. Saketi ya toni kwenye amplifaya hizi ni rezista na kapasita tupu, vipande visivyoweza kukuza sauti: haiongezi kitu, inapunguza tu, na nobu zake zinagawana mkondo mmoja. Ukigusa moja umezigusa zote. Mfano mzuri ni saketi ya amplifaya za kampuni ya Fender yenye nobu tatu: besi, kati na trebo. Ukishusha zote hadi 0, sauti inakaribia kupotea kabisa. Ukiziweka zote 5, si kwamba umeacha sauti ya gitaa kama ilivyo. Umechimba shimo kwenye sauti za kati. Anayetaka sauti ikaribie tambarare, yaani besi, kati na trebo zipite kwa usawa, aweke besi na trebo karibu na 0 na kati kwenye 10. Inaonekana kichekesho kwa macho, lakini masikio yatakubali.

Kwa hiyo usianze na nobu zote 10 ukidhani umepata "sauti kamili". Anza na sauti za kati, maana gitaa linaishi hapo na ndizo zinazosikika bendi ikianza kupiga. Kisha besi, na uwe bahili nayo: spika ya inchi 8 ikilishwa besi nyingi inavuma na kupoteza umbo la noti. Trebo iwe ya mwisho.

Na usipange trebo ukiwa umesimama na amplifaya iko chini miguuni pako. Sauti za juu hutoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama mwanga wa tochi. Wewe zinakupita magotini, aliye mbele zinamchoma masikio. Inyanyue juu ya kiti au iinamishe ikutazame usoni, ndipo uguse trebo.

S: Nobu iliyoandikwa "Cut" inafanya kazi kinyume?

J: Ndiyo. Kwenye amplifaya za mtindo wa kampuni ya Vox, kadiri unavyoipandisha ndivyo sauti za juu zinavyopungua.

S: Kuna tofauti gani kati ya gaini na masta? Zote zinaongeza sauti.

J: Gaini inaamua hatua za mwanzo zisukumwe kwa nguvu gani, masta inaamua kiasi kinachoruhusiwa kufika kwenye valvu za nguvu, zile zinazosukuma spika. Kosa ninalolisikia kila mahali ni gaini 10 na masta 1. Hapo valvu ndogo za mwanzo zinakwaruza zenyewe, valvu za nguvu na transfoma ya kutolea sauti (iliyo kati ya valvu hizo na spika) zimelala, na unapata mlio wa nyuki ndani ya kopo. Geuza mpangilio: masta juu, gaini karibu na 0, kisha pandisha gaini hadi upate mkwaruzo unaoutaka. Kama ni kelele mno, shusha masta mwishoni, kidogo kidogo, na urekebishe besi tena, kwa sababu sikio husikia besi hafifu sauti inapokuwa ndogo.

S: Wati 5 tu, mbona majirani wanalalamika?

J: Wana haki. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati 1, umbali wa mita 1, ikipewa wati 5 inafika karibu desibeli 104. Kushuka kutoka wati 5 hadi nusu wati sikio linasikia kama sauti imepungua kwa nusu tu. Kilinde pia kichwa chako: vaa vizibo vya masikio.

S: Swichi ya "Bright" haifanyi kitu. Mbovu?

J: Volyumu iko juu. Ni kapasita ndogo inayozipitisha sauti za juu kando ya nobu ya volyumu. Ukifika 10 haina kazi tena. Ijaribu ukiwa kwenye 3.

S: Amplifaya inanguruma. Fundi mmoja alisema nikate pini ya ethi kwenye plagi. Ni sawa?

J: Usikate. Anayekushauri hivyo anakuweka kwenye hatari ya kifo: kosa likitokea ndani, umeme unafika kwenye nyuzi za gitaa, na mikono yako iko hapo. Kama umeshakata, usiiwashe tena hadi uweke plagi mpya.

Utafute mngurumo kwa utaratibu. Shusha volyumu ya amplifaya hadi 0. Ukiisha, unatoka kwenye gitaa, kebo au hatua ya kwanza. Ipandishe tena, ujigeuze na gitaa mkononi, na mngurumo ukibadilika ni pikapu za koili moja zinazodaka umeme wa chumbani. Usipoisha volyumu ikiwa 0, tatizo liko baada ya volyumu: kapasita za kuchuja umeme zilizozeeka au valvu ya nguvu. Hiyo ni kazi ya fundi. Ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

S: Volyumu inachakacha ninapoizungusha.

J: Mwambie fundi anyunyizie dawa ya kusafishia kontakti ndani yake, amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa, aizungushe mara 20. Ikiendelea, apime kama kuna volti za DC (umeme usiobadili mwelekeo) kwenye nobu hiyo. Zikiwepo, kapasita inayounganisha hatua mbili za amplifaya inavuja, na kubadilisha nobu hakutasaidia.

S: Naweza kuchomoa spika nipige kimya kwa kutumia jeki ya kurekodia?

J: Soma maelekezo ya amplifaya yako kwanza. Kama hayasemi wazi kwamba ina mzigo wa ndani (kitu kinachochukua nafasi ya spika), jibu ni hapana. Amplifaya ya valvu bila spika inaweza kuzalisha volti kubwa kupita kiasi kwenye transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo ikiungua ni miongoni mwa sehemu ghali kuliko zote ndani ya boksi. Ukiongeza kabati la nje, linganisha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme): spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4, na jeki unayotumia iwe ile iliyoandikwa 4. Waya uwe wa spika, si kebo ya gitaa. Kebo ya gitaa ni nyembamba, inaweza kupata moto na kukatika katikati ya wimbo, na hapo umebaki bila spika.