Hakuna aliyeuona mlango wa siri: je, hofu ya vifaa vya Kichina haina msingi?

SWALI: Mhandisi, pole na kazi. Mimi ni fundi mitandao katika kampuni ndogo ya kusambaza intaneti hapa Mwanza. Bosi amepata bei nzuri ya ruta na vifaa vya redio kutoka China, lakini mkurugenzi mmoja anapinga. Anasema vifaa hivyo vinapeleka taarifa Beijing. Nimesoma magazeti ya nje mpaka nimechoka. Wengine wanaandika kwamba ni hatari, wengine wanasema Marekani inapigana vita vya biashara na haijawahi kutoa ushahidi. Hao wa pili wananishawishi zaidi, maana miaka yote hii hakuna aliyetuonyesha huo mlango wa siri. Je, nikimwambia mkurugenzi kwamba hofu yake haina msingi nitakuwa sahihi? Na tukinunua, nikague nini?

JIBU: Ndugu yangu, nusu ya hoja yako naiunga mkono. Nusu nyingine nakuomba usiipeleke kwa mkurugenzi.

Ni kweli kwamba hadi leo hakuna aliyeweka hadharani mlango wa siri ambao Huawei, kampuni kubwa ya China ya vifaa vya mitandao, iliutengeneza makusudi ili serikali ya China isikilize simu za watu. Februari 2020 maofisa wa Marekani walidai kwamba kampuni hiyo ina uwezo wa kuingia kwenye mifumo ya kunasa simu iliyotengwa kwa ajili ya polisi. Huawei ikakanusha, na ushahidi wa kiufundi wa dai hilo haukuchapishwa. Waandishi wanaolishikilia jambo hili wanafanya kazi yao. Ila sisi tunaolinda mitandao tuna maswali mengine: nani anaingia kwenye mfumo wa usimamizi, nani anaandika masasisho, na je, mwenye mtandao ana uwezo wa kuhakiki programu inayoendesha vifaa vyake? Ukipima kwa maswali hayo, mkurugenzi wako ana hoja, ingawa ameielekeza kwa nchi moja tu.

Mashaka ya waandishi hayakuzuka hewani. Mwaka 2012 Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilitoa ripoti kuhusu Huawei na mwenzake wa China, ZTE, ikashauri kampuni za simu za huko zisinunue kwao. Soma sehemu iliyochapishwa: lawama kubwa ni kwamba kampuni hizo hazikujibu vya kutosha maswali kuhusu uhusiano wao na serikali na chama tawala. Mlango wa siri hauonyeshwi humo. Kisha Machi 2014 nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden zikafichua kwamba NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, lenyewe ndilo lililojipenyeza kwenye seva za Huawei kule Shenzhen. Mwaka huohuo ikatoka picha ya watu wa NSA wakifungua maboksi ya vifaa vya Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao, vilivyokuwa njiani kwenda kwa wateja, ili wapandikize vyombo vya kusikilizia. Na Desemba 2018, baada ya Meng Wanzhou, mkuu wa fedha wa Huawei, kukamatwa Vancouver, Kanada, Rais Trump alisema angeweza kuingilia kesi hiyo kama kufanya hivyo kungesaidia mapatano ya biashara na China. Mwandishi akishasikia hayo, halafu akaambiwa suala zima ni la usalama, ana haki ya kutilia shaka.

Hata habari zenyewe nyingine zilileta utata. Oktoba 2018 Bloomberg Businessweek iliandika kwamba chipu ndogo za ujasusi zilikuwa zimepandikizwa kwenye bodi za seva za kampuni ya Supermicro. Apple, Amazon na Supermicro zilikanusha vikali, na hakuna aliyejitokeza hadharani na chipu hiyo mkononi. Aprili 2019 Bloomberg ikaandika kwamba kampuni ya simu ya Vodafone ilikuta milango ya siri kwenye vifaa vya Huawei nchini Italia miaka ya 2011 na 2012. Vodafone ikaeleza kwamba kilichoitwa mlango kilikuwa Telnet. Wewe fundi unaijua: huduma ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, kila kitu kikipita wazi pamoja na nywila. Watengenezaji huiacha kwa ajili ya majaribio, na Vodafone ilisema haikuwa inafikika kutoka intaneti.

Hapo ndipo waandishi wengi wenye mashaka walipofunga daftari, na hapo ndipo mimi naachana nao. Kwa mujibu wa habari hiyohiyo, Vodafone ilitaka Telnet iondolewe kwenye ruta za majumbani, ikahakikishiwa kwamba imeondolewa, na ilipokagua tena ikaikuta bado ipo. Achana na neno ujasusi. Muuzaji amekwambia amefunga, na hajafunga. Kwa mvamizi, mlango uliosahaulika unapitika vizuri tu kama uliofichwa.

Ushahidi mzito kuliko wote tulionao kuhusu vifaa vya Huawei ulitoka Uingereza, nao ulisomwa na wachache kwa sababu hauna jasusi ndani yake. Mwaka 2010 kilianzishwa kituo katika mji wa Banbury ambacho Huawei ilikigharamia, chenye wataalamu waliopekuliwa na serikali ya Uingereza, waliosoma msimbo wa programu za kampuni hiyo. Ripoti ya bodi iliyokisimamia ya Machi 2019 ilichambua programu ya kituo cha mnara wa 4G. Katika toleo la kwanza walilolikagua walikuta nakala kamili 70 za OpenSSL, maktaba inayotumika kusimba mawasiliano, tena za matoleo manne tofauti, mengine ya zamani sana. Fikiria siku udhaifu unapotangazwa kwenye toleo mojawapo: nani atajua ni nakala zipi kati ya hizo zinahitaji kuzibwa? Toleo lililofuata lilipunguza nakala kamili hadi sita, lakini vipande vya matoleo mengi ya zamani vilibaki vimetapakaa humo ndani. Wakakuta pia zaidi ya mara 600 ambapo programu inaita njia zisizo salama za kunakili kumbukumbu, yaani aina ileile ya kosa ambalo wadukuzi wamelitumia kuingilia mifumo kwa miongo.

Kubwa zaidi lilikuwa hili: wakaguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba msimbo waliosomeshwa Banbury ndio uliozaa programu inayofanya kazi kwenye minara ya Uingereza. Ukiukusanya msimbo upya, matokeo hayakulingana na yaliyoko kwenye kifaa kwa namna ya kuaminika. Ukaguzi wote uliobaki unapoteza nguvu hapo, maana unakagua kitu kimoja na kutumia kingine. Bodi ilisema inaweza kutoa uhakika wenye mipaka tu. Na Waingereza haohao wakasema waziwazi kwamba hawaamini kasoro hizo zilitokana na mkono wa serikali ya China. Kazi mbovu ya uhandisi, basi. Anayeandika kwamba hakuna ushahidi akishaisoma ripoti hii anapaswa kuongeza maneno manne: wa mlango wa siri. Ushahidi wa vifaa visivyohakikika upo, na umechapishwa.

Sasa nikupeleke Ugiriki, kwa sababu mjadala wa Huawei umewasahaulisha watu kisa ambacho kila fundi wa mtandao wa simu angepaswa kukijua. Swichi za Vodafone mjini Athens, yaani mitambo inayounganisha simu, zilikuwa za Ericsson, kampuni ya Sweden ambayo hakuna aliyeitilia shaka. Sasisho la programu lilikuwa limeleta uwezo wa kunasa simu kwa amri ya mahakama. Vodafone ilikuwa haijanunua sehemu inayosimamia na kuandika kumbukumbu za unasaji huo, kwa hiyo uwezo ulikuwepo bila msimamizi. Kuanzia mwaka 2004 watu wasiojulikana walipachika programu yao ndani ya swichi zikiwa zinafanya kazi, wakaamsha unasaji, na simu za watu wapatao 100, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis, zikawa zinanakiliwa kwenda kwenye simu za kulipia kabla. Programu hiyo ilijificha isionekane kwenye orodha ya michakato. Iligundulika mwanzoni mwa 2005 kwa sababu ilisababisha ujumbe mfupi wa baadhi ya wateja usifike, wateja wakalalamika, na Ericsson ikaitwa kutafuta hitilafu.

Kifaa kilikuwa cha nchi rafiki, mtengenezaji hakuthibitika kushiriki, na bado kiongozi wa nchi alisikilizwa kwa miezi. Mtu alikuwa na njia ya kufika kwenye swichi, na hakukuwa na kumbukumbu ya kumfichua.

Mwaka 2024 Marekani nayo ikaonja. Wadukuzi wanaohusishwa na China, kundi lililopewa jina Salt Typhoon, walikutwa ndani ya mitandao ya AT&T, Verizon na wengine, wakafika hadi kwenye mifumo ya kunasa simu kwa amri ya mahakama. Hizo ni kampuni kubwa ambazo hazikujenga mitandao yao kwa vifaa vya Huawei. Cisco ilieleza baadaye kwamba katika matukio iliyoyachunguza wavamizi waliingia zaidi kwa nywila halali walizokuwa wameziiba, na mara moja kwa udhaifu uliokuwa umetangazwa tangu 2018. Miaka sita kiraka kipo, kifaa hakijazibwa. Kisa hiki huwa kinatumiwa kusema kwamba kuifungia Huawei kulikuwa kazi bure. Sikubali. Kinachoonyesha ni kwamba kubadilisha nembo kwenye boksi pekee hakutoshi.

Kwetu Afrika mifano ni miwili, na yote miwili iisome kwa tahadhari. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliripoti kwamba seva za makao makuu ya Umoja wa Afrika Addis Ababa, jengo lililojengwa na China na kufunguliwa 2012, zilikuwa zikituma data Shanghai kila usiku kati ya saa sita na saa nane. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja wa Afrika nao wakakanusha. Agosti 2019 Wall Street Journal likaandika kwamba mafundi wa Huawei waliwasaidia maofisa wa usalama wa Uganda kuingia kwenye mawasiliano ya mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Huawei na serikali ya Uganda zilikana. Angalia habari hiyo ya pili inadai nini hasa: inataja mafundi waliokaa ofisini na wateja wao, wakafanya walichoombwa. Hata ungepasua kila ruta ya nchi nzima usingeukuta ushahidi wa jambo kama hilo ndani ya kifaa.

Kuna sheria pia. Sheria ya ujasusi ya China ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inayataka mashirika na raia kusaidia kazi ya ujasusi wa taifa. Ndiyo maana hoja ya kwamba Huawei haijawahi kufanya hivyo hainitoshi. Kifaa ulichokikagua leo kikiwa safi kitapokea sasisho mwezi ujao, na anayeliandika ana serikali inayoweza kumwamuru. Ujerumani imelitazama jambo hili kwa jicho ninalolikubali: Julai 2024 ilitangaza kwamba vifaa vya Huawei na ZTE viondoke kwenye kiini cha mitandao ya 5G ifikapo mwisho wa 2026, na mifumo yao ya usimamizi kwenye minara na njia za usafirishaji iondoke ifikapo mwisho wa 2029. Usimamizi, ndugu yangu. Huko ndiko kwenye funguo.

Kuhusu ununuzi wenu. Wateja wako wakitumia WhatsApp au tovuti ya benki, maudhui yamesimbwa kutoka simu hadi mwisho wa safari, na ruta yenu, iwe ya nchi gani, haiyasomi. Inachoona ni nani anawasiliana na wapi, lini na kwa kiasi gani, na hilo si dogo. Kinachopita wazi ndani ya mtandao wa simu ni ujumbe mfupi wa kawaida na menyu za USSD, zile za kubonyeza nyota, lakini huo si mtandao wenu. Hatari yenu ya karibu zaidi ni kifaa chenye nywila ya kiwandani, au akaunti ya msaada wa mbali ambayo muuzaji alifunguliwa siku ya kufunga mitambo na haikufungwa tena.

Kwa hiyo usimamizi wa vifaa vyote uwe kwenye mtandao wake wa pembeni usiofikika kutoka intaneti. Fundi wa muuzaji aingie kwa akaunti yenye jina lake, kwa muda mliompa, na kumbukumbu za alichofanya ziende kwenye seva yenu ambayo yeye hana ruhusa nayo. Kwenye mkataba andikeni masasisho ya usalama yatatolewa hadi mwaka gani, na yaje na saini ya kidijitali mtakayoihakiki kabla ya kusakinisha. Swali la vipuri mliulize mapema. Uingereza ilipobadili msimamo Julai 2020 na kuagiza vifaa vya Huawei viondolewe kwenye 5G ifikapo mwisho wa 2027, sababu iliyotajwa ilikuwa vikwazo vya Marekani kwenye chipu, vilivyofanya isijulikane tena kifaa kijacho kitatengenezwa na nini.

Kabla ya kulipa, omba kifaa kimoja cha majaribio. Kiweke mezani, kipe intaneti kupitia swichi yenye uwezo wa kunakili pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita, na uiache kompyuta ikirekodi mfululizo kwa wiki kadhaa, usiku na mchana. Kizime, kiwashe, kisasishe, ukiache bila kazi. Utaona kinatafuta saa sahihi, kinauliza majina ya anwani, pengine kinaulizia sasisho. Andika kila anwani kinakopiga, umpelekee muuzaji orodha, akujibu kwa maandishi kila moja ni ya nini. Fanya hivyohivyo kwa kifaa cha Kimarekani au cha Ulaya mnachokilinganisha nacho, na matokeo yote mpe mkurugenzi. Anwani ambayo muuzaji ameshindwa kuieleza izuieni kwenye faiawoli, na oda isitiwe saini mpaka maelezo yapatikane.