Kinachoua kopasi luteamu

Je, ovari ndiyo inayoamua lini ife kopasi luteamu, yaani tezi ya muda inayobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka na kutengeneza homoni ya projesteroni? Hapana, si ovari inayoamua, angalau kwa ng'ombe na kondoo. Mimba isipotunga, mji wa mimba (uterasi) hutoa kemikali iitwayo prostaglandini F2 alfa, nayo hupenya kutoka kwenye vena ya uterasi moja kwa moja hadi ateri ya ovari iliyojisokota juu yake. Projesteroni hushuka kwanza, seli za kopasi luteamu hufa baadaye, likabaki kovu. Ushahidi ninaoupenda: ng'ombe akitolewa uterasi, kopasi luteamu hudumu miezi kadhaa. Binadamu ni habari nyingine. Hata kwa aliyeondolewa uterasi, ovari zikiwepo, kopasi luteamu hunyauka baada ya siku kama 14. Na sindano ya prostaglandini ya kuua kopasi luteamu kwa ng'ombe haina kazi siku 5 za mwanzo tangu yai litoke.