Ukifika Stockholm, anza na mgahawa wa mtaani kwako

Mkuu, umesema unakuja Stockholm kusoma shahada ya pili, umesikia migahawa ya huku ni ghali na watu wake ni wagumu kuzoeleka, na wewe nguruwe hugusi. Unauliza kama kuna sehemu ndogo ya kawaida mtu anaweza kukaa, akala chakula cha Waswidi wenyewe, asijione amepotea. Zipo, tena nyingi. Wenyeji wanaziita kvarterskrog, yaani mgahawa wa mtaa: meza chache zilizobanana, mishumaa dirishani, ubao umeandikwa kwa chaki vyakula vya siku hiyo, na mara nyingi mwenye mali ndiye anayekupokea mlangoni. Nimeishi Södermalm, eneo moja la hapa mjini, miaka kadhaa sasa, na mtu wa nyumbani akinitembelea, kabla ya makumbusho na majumba ya wafalme nampeleka huko kwanza.

Gamla Stan, ule mji mkongwe, nenda katembee na upige picha. Kula, kula karibu na unapolala. Mgahawa wa mtaa unaishi kwa watu walewale kurudi, kwa hiyo hauwezi kumlisha mtu ovyo leo ukategemea kesho aje mwingine.

Anza na chakula cha mchana. Kuanzia saa tano hadi saa nane hivi sehemu nyingi zina dagens lunch, sahani ya siku kwa bei moja, kwa kawaida kati ya kronor (pesa ya Uswidi) 130 na 160. Ndani ya bei hiyo kuna saladi, mkate na siagi, maji, na kahawa ya kumalizia. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo njia. Usiku mpishi ni yuleyule na jiko ni lilelile, ila sahani kuu peke yake inaweza kufika 200 hadi 300. Alhamisi utakuta supu ya njegere kavu za manjano na chapati za maji zenye jemu. Ni desturi ya zamani mno, lakini angalizo: supu hiyo karibu kila mara imepikwa na nguruwe.

Na hapa ndipo nikae kidogo, maana naona wengi wanakuja huku wakiogopa hadi wanaishia kula chipsi mwaka mzima. Köttbullar, zile kababu za mviringo maarufu, mara nyingi ni ng'ombe aliyechanganywa na nguruwe, kwa hiyo usiagize bila kuuliza. Kuuliza huku si usumbufu. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inautaka mgahawa uweze kumwambia mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio, hivyo wahudumu wamezoea maswali kuliko unavyodhani. Mimi nilipouliza kuhusu mchuzi mara ya kwanza, dada aliyekuwa akihudumu hakubahatisha. Aliingia jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe, taulo begani, akanieleza supu ya mifupa aliyoianzia ni ya ndama na akanionyesha kwenye menyu vitatu ninavyoweza kula.

Ukitaka nyama, tafuta wallenbergare: ndama aliyesagwa laini, akachanganywa na krimu na viini vya mayai, akapakwa chenga za mkate na kukaangwa kwa siagi. Ila kama unafuata uchinjaji wa halali kikamilifu, ujue Uswidi hairuhusu kuchinja bila kumzimisha mnyama fahamu kwanza. Wengi wetu tunaolizingatia hilo tunahamia kwenye samaki, na wala hatujapunjika.

Samaki mwenyewe ni strömming, wa jamii moja na dagaa lakini mkubwa zaidi, anavuliwa hapahapa bahari ya Baltiki. Tazama wanavyomfanya. Wanachukua wawili waliopasuliwa na kutolewa mwiba, wanawabandika upande wa nyama kwa nyama, katikati wameweka jani la dill ambalo harufu yake inakaribia shamari, ngozi inabaki nje. Wanawazungusha kwenye unga wa rye, nafaka ya jamii ya ngano, kisha kikaangoni kwenye siagi hadi ngozi iwe kavu na ya kahawia. Anakuja juu ya viazi vilivyopondwa, siagi imeyeyushwa pembeni, na lingon, tunda dogo jekundu la porini lenye uchachu. Utamu, chumvi na uchachu vinakutana mdomoni, na mtu aliyelelewa na samaki wa kukaanga na achari ya embe hahitaji kufundishwa hapo.

Usiku ukiwa na hela kidogo, agiza toast Skagen kama kianzio: mkate uliokaangwa kwa siagi, juu yake uduvi, mayonezi, dill na mayai madogo ya samaki yenye rangi ya chungwa. Inahusishwa na Tore Wretman, mpishi aliyefariki 2003, ambaye alipigania chakula cha kawaida cha nyumbani kipewe heshima kwenye meza za hoteli kubwa. Nadhani migahawa hii ya mitaani inamdai shukrani kuliko inavyosema.

Usishangae menyu kuwa fupi, vyakula vinne au vitano tu. Kwangu hiyo ni dalili nzuri. Jiko ni dogo, na wapishi wa nchi hizi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, hasa baada ya wenzao kutoa tamko lao Copenhagen mwaka 2004, wanajivunia kupika kilicho kwenye msimu. Mei asparaga, Agosti uyoga wa manjano wa porini na kamba wa maji baridi.

Kuhusu watu. Ni kweli hawaanzishi mazungumzo na mtu wasiyemjua. Lakini Desemba jua la Stockholm linazama kabla ya saa tisa alasiri, na katika giza lile mgahawa wa mtaa ni sebule ya mtaa mzima. Ukirudi mara kwa mara unakuwa sehemu ya sebule. Pale kwetu kuna mzee anayekula peke yake meza ya dirishani, na kwa muda mrefu salamu yetu ilikuwa kutikisa kichwa tu. Siku moja aliniona nakula strömming bila lingon, akasukuma kibakuli chake hadi mezani kwangu, akasema samaki huyo haliwi hivyo. Tangu siku ile tunaongea. Amenieleza habari za mtaa ambazo nisingezipata popote.

Mambo madogo: Ijumaa na Jumamosi weka nafasi mapema, na ufike kwa saa uliyosema, kwa kuwa meza mara nyingi unapewa kwa muda wa saa mbili tu. Koti tundika mlangoni. Noti sehemu nyingi hawapokei, na Swish, malipo ya simu yaliyoanza 2012, inataka akaunti ya benki ya Uswidi, kwa hiyo miezi ya mwanzo kadi yako ya Visa au Mastercard ndiyo mkombozi. Mashine nyingine zitakutaka uandike mwenyewe jumla unayolipa. Hapo ndipo bakshishi inapoingia: ukiridhika ongeza kidogo, usipotaka andika kiasi kilekile, hakuna atakayekununia. Maji ya bomba ni salama na kwa kawaida ni bure, na usipokunywa pombe hakuna atakayekuhoji.

Julai usiitegemee sana, migahawa mingi midogo inafunga wenyewe wakiwa likizo. Wewe unafika mwishoni mwa Agosti, umepata wakati mzuri. Ukishajua chumba chako kiko mtaa gani, andika hapahapa. Södermalm na Vasastan nitakuelekeza mwenyewe. Ukiwa karibu na uwanja wa Odenplan, huko Vasastan, kuna mgahawa wa Tranan uliopo tangu 1929, na vitambaa vyake vya drafti mezani. Solna na Kista naomba wadau wanaoishi huko wamsaidie.