Fizi kuvimba na kutoa damu: usiache mswaki

Pole sana dada. Umesema fizi zimevimba wiki ya pili sasa, zinatoa damu ukipiga mswaki, na kwa hofu umeacha kupasugua. Hapo ndipo nilipokosea hata mimi. Damu inatoka kwa sababu ya utando wa uchafu unaoganda pale jino linapokutana na ufizi, ukipaacha, unazidi.

Nunua mswaki laini. Uinamishe kidogo kuelekea kwenye ufizi, usugue taratibu kwa miduara midogo, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Pitisha uzi wa meno katikati ya meno. Siku za mwanzo mate yatakuwa mekundu, usiogope. Kwangu yalianza kuwa meupe baada ya kama siku 10. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yanatuliza maumivu: sukutua, tema. Hayaondoi ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe. Huo huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake, kwa hiyo panga kwenda hata kama maumivu yamepungua.

Kama una mimba au kisukari, mwambie daktari huyo. Tumbaku acha kabisa.

Ukiona usaha, jino kulegea, uso kuvimba au homa, nenda leo leo. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, kimbilia hospitali. Na tafadhali, usinunue antibayotiki kiholela.